Elspeth Huxley, mutoto wa shamba la kahawa la Thika

Kama ulishaona kwenye televizyo ile filme ndefu ya vipande yenye kuitwa La Petite Maison dans la prairie, unakumbuka ile familia: baba anajenga nyumba ya miti, mama anapika, binti zao wanakimbia kwenye majani. Ni hadisi ya Laura Ingalls Wilder, Mumarekani aliyezaliwa mwaka wa 1867. Alianza kutoa vitabu vyake mwaka wa 1932, wakati alikuwa na miaka 65. Televizyo ya Marekani ilichukua ile hadisi kuanzia mwaka wa 1974 mpaka 1983, na mpaka leo watu hawachoki kuiangalia.

Lakini hata huku kwetu Afrika ya Mashariki, ngambo ya Uganda, kulikuwa mutoto muzungu mwenye maisha ya namna ile, na yeye pia alifika kwenye televizyo. Jina lake ni Elspeth Huxley.

Alizaliwa London tarehe 23 mwezi wa 7 mwaka wa 1907. Baba yake, Josceline Grant, alikuwa mutu wa mipango mingi na feza kidogo. Mama yake, Nellie, alitoka familia kubwa, lakini njo mwenye kutumika kuliko wote: kulima, kufuga, kupanda miti, kujaribu tena pale kitu kimeharibika. Mwaka wa 1912 wazazi walikuja Kenya kutafuta bahati. Mutoto alibakia Uingereza, halafu akawafuata kwenye mwisho wa mwaka wa 1913, na miaka yake 6.

Walifikia Thika, kaskazini ya Nairobi, pembeni ya muto Chania. Baba alinunua shamba ili apande kahawa. Wakulima wa Irumu mutaelewa haraka shida yao: kahawa unapanda leo, lakini unangojea miaka tatu ao ine mbele ya kuvuna kitu cha maana, na katika ile miaka yote feza inatoka tu. Familia ililala kwanza kwenye nyumba ya majani. Ng'ombe wa kuvuta jembe hawakuwa wamezoea kazi, na watu wa kuwaongoza pia hawakuwa wamezoea. Wafanyakazi walikuwa Wakikuyu wa pale pale.

Haya yote Elspeth aliyaandika akiwa mama mukubwa, katika kitabu The Flame Trees of Thika, kilichotoka mwaka wa 1959. Jina la kitabu linatokana na ile miti yenye maua mekundu sawa moto, ambayo mama yake alipanda. Katika kitabu wazazi wanaitwa Robin na Tilly. Kuko kaswala kadogo Twinkle ambako mutoto anafuga ndani ya nyumba. Kuko majirani wazungu, wengine wakarimu, wengine wenye siri za ndoa. Mutoto anasikiliza mazungumzo ya wakubwa bila wao kujua kama anaelewa. Kusema kweli, kile njo kinafanya kitabu kiwe kitamu. Mutoto haulizi feza ya shamba ilitoka wapi, haulizi kesi ya udongo. Anaona tu lampe inawaka usiku na watu wanashangaa, anasikia mvua, anaogopa nyoka.

Maisha yale hayakudumu. Vita ya 1914 ilimuchukua baba, na mutoto akarudishwa Uingereza. Kisha vita walirudi, lakini shamba la Thika liliuzwa na familia ikahamia Njoro, upande wa Bonde la Ufa. Mwaka wa 1925 Elspeth alienda kusoma kilimo kwenye chuo kikuu cha Reading, kisha Cornell kule Marekani. Mwaka wa 1931 aliolewa na Gervas Huxley, ndugu ya mwandishi Aldous Huxley kwa upande wa baba zao. Tangu pale alikuwa anakuja Kenya na kurudi, lakini makao yake yalikuwa Uingereza.

Sasa tuongee juu ya ule udongo, maana ndani ya kitabu hauongelewe sana. Pale wazungu walifika upande ule, waliona sehemu kubwa sawa vile haina watu. Lakini miaka kidogo tu mbele, kati ya 1897 na 1899, njaa kubwa na ndui viliua Wakikuyu wengi, na wengine walikimbia. Wenye shamba hawakuwa wamepotea, walikuwa wanaenda kurudi. Serikali ya wakoloni iliandika ule udongo kuwa mali ya mufalme wa Uingereza na kuugawia wageni. Mwenye udongo akabakia kuwa mufanyakazi juu yake, na kisha vita akalazimishwa kuvaa kipande kwenye shingo. Hata nyumba ya Laura kule Kansas, karibu mwaka wa 1870, ilijengwa kwenye udongo wa watu wanaoitwa Osage. Hadisi mbili, bahari katikati, na mambo yanafanana.

Huku Ituri wakoloni walipanda pia kahawa na kufuga ng'ombe kwenye milima yetu. Mwaka wa 1973, wakati wa zairianisation, mashamba mengi yalipita kutoka mikono ya wazungu kwenda mikono ya wengine, wakati mwingi bila kuuliza ukoo uliokuwa pale zamani. Hatuna lazima ya kueleza hapa mambo ya udongo yametuletea nini. Kila familia inajua.

Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba Elspeth alijaribu kuandika hadisi kwa upande wa pili, na alifanya vile miaka 20 mbele ya kile kitabu cha Thika. Karibu mwaka wa 1937 alifuata masomo ya profesa Malinowski kule London, kwenye chuo kimoja na Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa prezida wa kwanza wa Kenya. Alirudi Kenya, akaketi na wazee Wakikuyu, akawauliza. Mwaka wa 1939 akatoa Red Strangers, maana yake wageni wekundu, juu Wakikuyu waliona ngozi ya wazungu ni nyekundu kwa jua. Ndani yake muzungu hana nafasi ya mbele. Wenye hadisi ni ndugu wawili, Muthengi na Matu, na vizazi vyao: mbuzi, mahari, kesi za wazee, kisha inafika kodi ya nyumba na sheria ambazo hakuna mutu anaelewa. Mwenye kuchapisha vitabu wa kwanza alitaka aondoe mambo ya tohara. Elspeth alikataa, akapeleka kitabu kwa mwengine.

Hakuwa mutakatifu. Mwaka wa 1935 alikuwa ameandika kitabu kikubwa cha kusifu Lord Delamere, kiongozi wa wakoloni wa Kenya, na kwa miaka mingi alitetea watu wa upande wake. Polepole alibadilika na kukubali kama uhuru utakuja. Ulikuja tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka wa 1963, kisha damu nyingi ya wakati wa Mau Mau. Mwaka uliofuata, Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Weep Not, Child. Mule mzee Ngotho anatumika kwa muzungu kwenye udongo wa babu zake mwenyewe, akingojea siku utarudi. Mimi ningeshauri mutu asome vile viwili pamoja, cha Thika na cha Ngũgĩ.

Mwaka wa 1981 televizyo ya Uingereza ilichukua hadisi ya Elspeth. Ilichagua cha Thika, hapana cha wageni wekundu. Vilikuwa vipande 7. Hayley Mills alikuwa mama, na mutoto Holly Aird alikuwa Elspeth. Mwaka uliofuata Wamarekani pia waliiona. Lakini Thika yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa muji wa viwanda.

Mama Nellie alikuwa amebakia Njoro hata kisha uhuru. Aliondoka mwaka wa 1965, akiwa na miaka karibu 80, akaenda Portugal, na kule pia akaanza kulima. Alikufa mwaka wa 1977. Elspeth alikusanya barua zake na kuzitoa kitabu mwaka wa 1980. Yeye mwenyewe alikufa tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka wa 1997, huko Uingereza. Red Strangers, ambacho wengi walikuwa wamesahau, kilichapishwa tena mwaka wa 1999.