Philipp Jakob Spener, Mchungaji wa Mioyo

Philipp Jakob Spener alizaliwa mwaka 1635 katika nchi ya Alsace, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini. Mwaka 1666 aliitwa Frankfurt awe mkuu wa wachungaji wa mji ule. Huko aliona ya kuwa watu huhudhuria ibada, lakini mioyo yao ni mitupu. Wahubiri wengi walionyesha elimu yao na ufasaha wao. Wasikilizaji wakapendezwa, kisha wakarudia ulevi na kushitakiana.

Spener hakutafuta njia ya kuwapendeza zaidi. Mwaka 1670 alianza kuwakusanya watu nyumbani mwake, wasome na kuomba pamoja. Mwaka 1675 akatoa kitabu chake Pia Desideria, akafundisha ya kuwa Ukristo si kujua tu, bali ni kutenda, na ya kuwa kila Mkristo ni kuhani wa kuwajenga wenzake.

Wengi walimshutumu. Mwaka 1686 akawa mhubiri wa mtawala wa Saxony huko Dresden. Akamwonya kwa barua juu ya mwenendo wake, naye mtawala akakasirika sana. Kunyamaza kungalimpa raha, lakini hakunyamaza. Mwaka 1691 akahamia Berlin, akafa huko mwaka 1705.

Mwaka 1706 vijana wawili waliosoma Halle, katika chuo alichosaidia kukisimamisha, wakafika Tranquebar, Uhindi, kuihubiri Injili.

Basi, ndugu, tutokapo kanisani tusijiulize kama tumefurahishwa. Tujiulize kama tumegeuka.