Nana Asma'u na Masomo ya Wanawake
Bibi Nana Asma'u, binti wa Sheikh Uthman dan Fodio, alizaliwa mwaka 1793 katika nchi iitwayo leo Nigeria. Baba yake alimsomesha kama alivyowasomesha wanawe wanaume.

Wavulana walikwenda chuoni na mbao zao. Ama wanawake wa mashamba, kazi za nyumba ziliwazuia. Bibi huyu hakuwadhania upungufu wa akili, bali aliwabadilishia njia: alitunga mashairi ya dini kwa Kihausa na Kifulani, yahifadhiwe kwa kusikilizwa, akawafunza wanawake walioitwa jaji (si jaji wa kortini) wayapeleke vijijini. Nasi twamtoa binti chuoni mapema, kisha twamwita mjinga!

Alipofariki mwaka 1864, nduguye Maryam aliishika kazi hiyo.