Mjalidi Vitabu Aliyetufungulia Mlango wa Stima

Tukitaja stima aghalabu hutujia akilini bili na giza la kukatikiwa. Ni wachache wanaomkumbuka mtu aliyeonyesha njia ya kuizalisha. Leo nataka kuwasimulia habari za Michael Faraday, Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1867. Mafundi humtaja kwa ajili ya sumaku zake, lakini mimi mtunzi wa mashairi nimevutiwa zaidi na yaliyopita baina yake na mwalimu wake.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington Butts, kusini mwa London. Babake alikuwa mhunzi asiye na siha nzuri, na nyumba yao ilikuwa ya dhiki. Elimu aliyoipata skuli ilikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu, basi. Alipofika umri wa miaka 13 alipata kazi ya kutumwatumwa katika duka la vitabu la Bwana George Riebau, kisha akafunzwa kujalidi vitabu kwa miaka 7. Vitabu vilivyoletwa kushonwa alivisoma kwanza, ndipo akavitia jalada. Humo ndimo alimoonja habari za umeme.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja alimpa tikiti za kumsikiliza Sir Humphry Davy, bingwa wa kemia wa zama zile, akihadhiri katika Royal Institution. Kijana akayaandika aliyoyasikia, akayatia michoro, akayajalidi kwa mkono wake na kumpelekea Davy pamoja na maombi ya kazi. Mwezi wa Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara.

Sisi tuliokalia mikeka ya chuoni twajua kuwa mwanafunzi humtumikia mwalimu wake wala haoni haya. Faraday naye alitumika. Davy alipozuru Ulaya, kuanzia Oktoba 1813 hadi Aprili 1815, alimchukua kijana huyu kama msaidizi wa elimu, na papo hapo akamfanyisha kazi za mtumishi wa nyumbani. Mke wa Davy alimdharau wazi wazi. Hata hivyo alistahimili, kwani katika safari ile ile aliwaona kwa macho yake wataalamu kama Ampère na Volta.

Mwaka wa 1820 Oersted wa Denmark aligundua kwamba waya wenye umeme hugeuza sindano ya dira. Davy na rafikiye, William Wollaston, walijaribu kuufanya waya ujizungushe wenyewe, wasifaulu. Septemba 1821, Faraday kwa njia yake mwenyewe aliufanya waya uzunguke sumaku ndani ya chombo cha zebaki. Hiyo ndiyo asili ya mota. Lakini alipoichapisha habari ile hakumtaja Wollaston, na watu wakaanza kunong'ona kwamba ameiba wazo la mkubwa wake.

Jamani, tuhuma hiyo ni nzito! Mtunzi akiambiwa ubeti si wake, hata akishinda hoja, jina lake hubaki na doa. Wollaston mwenyewe hakuweka kinyongo. Aliyeweka ni Davy. Faraday alipopendekezwa kuingia katika Royal Society, Davy ndiye aliyekuwa rais wake, naye alimpinga mwanafunzi wake. Januari 1824 kura zilipigwa kwa siri, Faraday akapita, na kura iliyompinga ilikuwa moja tu.

Baadaye alipewa kazi ndefu ya kutafiti vioo vya darubini, ikamla miaka na kumweka mbali na sumaku. Davy alifariki mwaka wa 1829, na baada ya hapo Faraday akairudia kazi aliyoipenda.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya upande mmoja na waya mwingine upande wa pili. Waya wa kwanza akautia betri. Sindano iliyounganishwa na waya wa pili ilitikisika pale tu betri ilipounganishwa, na pale ilipokatwa. Umeme ulipopita kwa utulivu, sindano ilitulia. Hapo alifahamu kuwa sumaku iliyokaa kimya haizai kitu; kinachozaa umeme ni mabadiliko. Oktoba mwaka huo huo akazungusha bamba la shaba baina ya ncha za sumaku, akapata umeme usiokatika.

Maji ya mabwawa ya Mto Tana na mvuke wa Olkaria hufanya kazi hiyo hiyo ya kuzungusha. Transfoma iliyo juu ya mlingoti mtaani ni pete ile ile iliyokua. Hata kadi ya benki inayosomwa kwa kusogezwa tu karibu na mashine hupata nguvu zake kwa kanuni hiyo. Faraday hakujua hesabu za juu. Alichora mistari ya nguvu kuizunguka sumaku. James Clerk Maxwell aliifasiri mistari ile kwa hesabu, na kutokana nayo ikajulikana njia ya mawimbi ya redio na simu.

Na vile vioo vilivyomlia miaka? Mwaka wa 1845 alipotaka kuthibitisha kuwa sumaku huathiri nuru, kipande cha kioo kizito alichokitengeneza siku zile za uchovu ndicho kilichompa jawabu.

Alikataa kupewa cheo cha Sir, na mara mbili alikataa urais wa Royal Society, kile kiti alichokikalia Davy. Kwa miaka mingi alihadhiri watoto kila Krismasi. Uzeeni kumbukumbu zilimtoka, akafariki tarehe 25 Agosti 1867 na kuzikwa Highgate, bila ya kuacha mtoto.

Linalonishangaza mimi ni hili: mwalimu aliyemfungulia mlango ndiye aliyetaka kuufunga mwingine. Mwanafunzi hakulipiza. Aliendelea kumtaja Davy kwa heshima, kwani fadhila ya kufunzwa haifutwi na husuda iliyokuja baadaye.