Manfaluti, mwandishi wa mapendo asiyejua Kifaransa

Miaka ya 1920, vijana wa Cairo walikuwa wanasoma hadisi ya Paul na Virginie kwa Kiarabu, na machozi yanatoka. Yule aliyewaandikia, Mustafa Lutfi al-Manfaluti, hakujua Kifaransa hata kidogo. Wengi wetu hapa Bukavu tunaweza kufungua buku ya Bernardin de Saint-Pierre na kuisoma vile ilitoka mwaka wa 1788. Yeye hakuweza.

Alizaliwa 1876 katika mji mdogo wa Manfalut, Misri ya juu, kandokando ya mto Nile, kwa familia ya makadhi. Utotoni alishika Kurani yote kwa kichwa, kisha wakamtuma Al-Azhar, chuo kikubwa cha dini kule Cairo. Alikaa pale karibu miaka 10. Lakini roho yake ilikuwa kwa mashairi na Kiarabu safi cha zamani, na mwalimu aliyemfuata kweli ni Sheikh Muhammad Abduh, yule aliyetaka kufungua akili za Waislamu.

Mwaka wa 1897 shairi moja likatoka la kumuchafua Khedive Abbas, mtawala wa nchi. Manfaluti akakamatwa, akatiwa buloko. Alikuwa na miaka 21 tu. Wale wanaomuhesabu kama mwandishi wa machozi ya wasichana wanasahau ile buloko.

Kisha akaanza kuandika katika gazeti Al-Muayyad: juu ya maskini, wajane, mwanamuke aliyedanganywa, tajiri anayekula wakati jirani analala njaa. Watu walingoja kila makala yake. Kiarabu chake kilikuwa laini, bila yale mapambo mazito ya zamani, hata mwanafunzi mudogo alikielewa.

Sasa zile romani zake za mapendo. Kazi ilienda hivi: rafiki anayejua Kifaransa anatafsiri, yeye anachukua ile hadisi na kuiandika upya. Anakata, anaongeza, anatia mafundisho yake. Njo vile Sous les tilleuls ya Alphonse Karr iligeuka Majdulin, ile ya kijana maskini ambaye mupenzi wake anaolewa na rafiki yake tajiri. Cyrano de Bergerac, mchezo wa jukwaani wa Edmond Rostand, ikawa romani yenye jina Mshairi. Na Paul et Virginie akaiita Al-Fadila, maana yake wema.

Hii ya mwisho ndiyo ninaipenda zaidi, juu inatokea upande wetu huu wa dunia, katika kisiwa cha Maurice, wakati wa utumwa. Katika buku ya Kifaransa, Virginie anamuombea musamaha mutumwa mwanamuke aliyetoroka. Bwana wake anakubali mbele ya watoto, kisha nyuma yao anamufunga minyororo. Mwenye kufanya kazi chini ya patro anaijua ile ahadi.

Wakubwa wa maandishi hawakumuhurumia. Mwaka wa 1921 al-Mazini alimushambulia vikali: machozi mengi, utamu mwingi, mawazo kidogo. Hapo hakukosea sana. Kweli katika Majdulin watu wanalia mpaka musomaji anachoka. Lakini kumuita mwizi, hapana. Hakuficha kama hadisi zimetoka ngambo. Mimi kinachoniuma ni wale marafiki waliotafsiri: wasomaji wengi hawajui hata jina la mumoja wao. Hata kwenye mgodi ni vile, anayechimba jina lake halifiki sokoni.

Mkate wake ulitoka sanasana kwa Saad Zaghlul, aliyemupa kazi ya uandishi katika wizara ya elimu, kisha katika ile ya sheria wakati Zaghlul alihamia kule. Zaghlul alikuja kuwa kiongozi wa wale waliodai uhuru kwa Waingereza, na mwaka wa 1924 akawa waziri mkuu.

Tarehe 12 Julai mwaka ule, mtu mmoja alimupiga Zaghlul risasi katika gare ya Cairo. Alipona. Siku ileile Manfaluti alikufa, hajafika miaka 50. Mji wote ulikuwa unauliza habari za waziri mkuu, na mwandishi ambaye maelfu walilia naye akazikwa karibu bila mtu kusikia. Washairi wakubwa, Ahmed Shawqi na Hafiz Ibrahim, walimuandikia maombolezo nyuma, wakati ile kelele ya risasi ilikuwa imetulia.