Sultani wa Kilwa aliyevua nguo zake kumpa fakiri

Tunapowataja watawala wa Kiislamu waliosifika kwa ukarimu, fikra zetu hukimbilia Baghdad, Damascus au Cairo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mmoja wao alitawala hapa hapa kwetu, Kilwa Kisiwani. Huyo ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani baba wa hiba.

Sultani huyu alikuwa mjukuu wa al-Hasan bin Talut, mwanzilishi wa ukoo wa Mahdali katika utawala wa Kilwa. Kitabu cha kale cha habari za mji huo kinaeleza kwamba alisafiri angali kijana mdogo kwenda kuhiji Makka, na njiani alikaa Aden akisoma elimu ya dini. Nduguye Daud alikaimu kiti hadi aliporejea, kisha akamkabidhi. Al-Hasan akatawala tangu takriban mwaka 1310 hadi 1333.

Zama zake ndizo zilizokuwa kilele cha neema ya Kilwa. Dhahabu kutoka bara la kusini ilishuka hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na biashara yake ilikuwa mikononi mwa Kilwa. Juu ya jabali linaloelekea bahari alijenga Husuni Kubwa, kasri la mawe ya matumbawe na chokaa lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pande nane. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alipolichimbua katika miaka ya 1960, alikuta humo maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe, yakimtaja Sultani huyu kwa jina.

Jina hilo lilisafiri mbali. Alipiga sarafu za shaba, na chache za dhahabu, zenye jina lake upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mola upande wa pili, yakiwa na vina kama shairi. Sarafu yake moja ya shaba ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kilwa.

Hata hivyo, lakabu yake haikutokana na kasri wala sarafu. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa akitokea Mogadishu na Mombasa. Alimkuta Sultani mnyenyekevu, anayeketi na kula pamoja na mafukara na kuwaheshimu watu wa elimu.

Siku moja ya Ijumaa, Sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha na kumwomba nguo alizozivaa, tena saa ile ile. Sultani hakukasirika. Alirudi, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, kisha akamwita fakiri azichukue zile. Yule mtu akazifunga, akajitwika kichwani na kwenda zake. Mwana wa Sultani alimfuata akazitwaa nguo za baba yake, naye akampa watumwa 10 badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, aliamuru aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapa yatupasa tusome kwa uadilifu. Msafiri huyo huyo anaeleza kwamba Sultani alikuwa akiwashambulia watu wa bara na kuteka ngawira, kisha akitenga humusi yake kama Qur'ani ilivyoelekeza. Wale 20 waliotolewa zawadi walikuwa binadamu, nao historia haikuwahifadhia hata jina moja. Kumsifu mtoaji hakutuondolei wajibu wa kuuliza mali ilitoka wapi.

Al-Hasan alipofariki, kiti kilirudi kwa Daud, naye alikuwa kinyume cha nduguye. Mwombaji alipomjia, alijibiwa kwamba mtoaji amekwishakufa na hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa miezi mingi wakapata kidogo, hata wakaacha kubisha mlangoni pake.

Na lile kasri? Halikukamilika, na halikukaliwa muda mrefu. Leo kuta zake zimo katika eneo la Urithi wa Dunia, ambalo UNESCO ililiorodhesha mwaka 1981. Familia zinazoishi Mbezi Beach hazihitaji hata kwenda mbali kuona jengo la namna hiyo: jirani tu, Kunduchi, upo msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe, na makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Wapelekeni watoto wakaone, kisha wasimulieni juu ya Sultani aliyejenga vyumba 100, lakini akakumbukwa kwa vazi moja.