MAKHAN SINGH: KALASINGA ALIYEPIGWA KIZUIZINI MIAKA 11 KISA UHURU

Huku kwetu mtu akipita na kilemba na ndevu ndefu tunasema huyo Kalasinga, basi, habari imeisha. Leo tumcheki mmoja wao aliyemnyima Mwingereza usingizi hapo jirani Kenya.

Makhan Singh alizaliwa 1913 huko Punjab, upande ambao leo ni Pakistani. Mwaka 1927 akaja Nairobi kumfuata baba yake, fundi ambaye baadaye alifungua kiwanda cha uchapaji.

Kwanza tuelewane maneno. Singh maana yake simba. Wanaume wa Kisikh wanalitumia tangu 1699, Guru Gobind Singh alipounda Khalsa, jumuiya ya waumini walioapa. Hao wanashika vitu vitano: kesh, nywele zisizokatwa, kangha, kitana, kara, bangili ya chuma, kachera, kaptula maalumu, na kirpan, jambia. Nyumba ya ibada ni gurdwara, na humo kuna langar, chakula cha bure. Bosi na kibarua wanakaa chini pamoja, mlo ni ule ule. Waliopita Makindu, njia ya Mombasa–Nairobi, wanaijua gurdwara inayolisha wasafiri pale.

Turudi kwa jamaa. Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na kikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Enzi zile hilo lilikuwa kosa kubwa machoni pa wakoloni, maana walitaka kila rangi ikae kivyake. Mwaka 1937 wakagoma siku 62 mpaka mishahara ikapanda. Alipokwenda India akakamatwa 1940, akatoka 1945. Akarudi Kenya 1947, serikali ikahangaika kumfukuza ikashindwa.

Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, ukumbi wa Kaloleni Nairobi, akadai uhuru wa nchi zetu hapo hapo, bila kusubiri. Mei 15 wakabebwa wote wawili, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Singh akatupwa Lokitaung, kule kwenye ukame wa kaskazini, kisha Maralal na Dol Dol. Alitoka Oktoba 1961!

Sasa hapa ndo panauma. Uhuru ulipokuja 1963 hakupewa cheo chochote. Akakaa akaandika kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya, kikatoka 1969. Akafariki Mei 1973 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 59.

Sisemi dini ndiyo ilimfanya hivyo, mwenyewe alijitangaza mkomunisti. Ila ukiijua langar, chama cha rangi zote hakikushangazi sana.

Swali kwenu wadau: kwa nini shuleni tunakariri kina Kenyatta na huyu hatajwi? Maoni ruksa, matusi hapana.