MCHUNGAJI DAKTA JOHANN LUDWIG KRAPF (1810–1881): KIONGOZI WA VIJANA WALIOTANGULIA

Katika kumbukumbu za Ukristo wa Afrika Mashariki, jina la Mchungaji Dakta Johann Ludwig Krapf hutajwa mwanzoni kabisa. Yeye hakukanyaga ardhi ya Ntuzu, wala hakuyaona maji ya Ziwa Victoria. Hata hivyo, lugha ambayo Injili ilihubiriwa kwayo katika sehemu nyingi za nchi hii, na njia ambayo wajumbe wake waliifuata hadi kufika Usukuma, zinahusiana na kazi yake. Kwa sababu hiyo imeonekana vema maisha yake yasimuliwe katika kitabu hiki cha jubilii, pamoja na mafanikio yake na majonzi yake.

Kuzaliwa na Ujana

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg huko Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima, na jamaa nzima ilikuwa ya Walutheri wenye kuishika Biblia nyumbani kama wanavyoishika kanisani. Akiwa kijana mdogo alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala kitandani kwa muda wa miezi sita hivi. Katika ugonjwa huo alisoma Biblia kwa bidii na kuanza kuyatafakari mambo ya Mungu.

Alipopona alipelekwa shule mjini Tübingen. Huko alipenda sana ramani na habari za nchi za mbali, akatamani kuwa nahodha wa meli, lakini baba yake hakuwa na fedha za kumsomesha kazi hiyo. Baadaye alisikia habari za wamisionari, na mwaka 1827 akapokewa katika chuo cha misioni cha Basel, Uswisi. Hakukaa sana. Aliingiwa na mashaka juu ya wito wake, akaondoka, akasoma theolojia Tübingen na kumaliza mwaka 1834. Alitumika kama mchungaji msaidizi kabla ya kurudia nia yake ya kwanza. Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS, kilikuwa kikiwapokea Walutheri wengi wakati ule, nacho kilimtuma Uhabeshi mwaka 1837.

Miaka ya Uhabeshi

Huko Uhabeshi alifukuzwa kaskazini, akaenda Shoa kwa mfalme Sahle Selassie mwaka 1839. Aliwapenda mno Waoromo, akajifunza lugha yao na kuanza kutafsiri sehemu za Injili. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipojaribu kurudi Shoa njia ilikuwa imefungwa, na katika safari hiyo ngumu Rosine alijifungua jangwani mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, maana yake chozi.

Mlango mmoja ulipofungwa, Krapf aliazimia kuwafikia Waoromo kutoka upande wa kusini. Ndivyo alivyofika Unguja mwezi wa Januari 1844.

Mombasa na Kaburi la Kwanza

Sultani Sayyid Said bin Sultan alimpokea kwa heshima akampa barua ya kuwataka maliwali wake wamtendee mema. Krapf na mkewe wakahamia Mombasa. Mtu huyu aliyezoea desturi za Wahabeshi alilazimika kuanza upya kama mtoto, kwa kujifunza salamu, adabu ya barazani na lugha ya wenyeji wake. Alikwenda kwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin, na mwezi wa Juni 1844 wakaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mchungaji wa Kilutheri aliketi kama mwanafunzi mbele ya mwanachuoni wa Kiislamu, na mwalimu huyo hakumnyima elimu yake.

Mwezi uliofuata msiba uliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike, kisha homa ikamshika yeye pamoja na mumewe. Rosine alifariki, na baada ya siku chache mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata kusimama kulikuwa shida. Alimzika mkewe upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wapitao njiani waone kaburi na kuuliza habari zake. Kisha aliwaandikia wakuu wake London kwamba kaburi hilo ni ishara ya kuanza kwa mapambano, na kwamba Kanisa huendelea kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake. Maneno hayo yaliwasisimua vijana wengi wa Ulaya. Baadhi yao waliyaitikia, wakaja, wakazikwa.

Rabai na Vijana Waliomfuata

Wa kwanza kuja alikuwa Johannes Rebmann, Mlutheri wa Württemberg kama yeye, aliyefika mwezi wa Juni 1846. Alikuwa na umri wa miaka 26, mdogo kwa Krapf kwa miaka kumi. Tarehe 25 Agosti mwaka huo waliondoka kwenda Rabai, wote wawili wakiwa na homa, wakipokezana punda mmoja. Wazee wa Rabai waliwapa ruhusa ya kukaa. Hapo walijifunza kwamba katika nchi ile hakuna mfalme wa kutoa amri. Neno huamuliwa na wazee katika kikao, na mgeni mwenye haraka huharibu shauri lake mwenyewe.

Kazi ya Rabai ilikwenda polepole. Krapf alihubiri majumbani na mashambani, akakemea ulevi na matambiko, na mara nyingi alikemea kabla ya kuelewa. Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu na maskini, aliyepokea ubatizo akiwa karibu na kufa. Wakubwa wa Ulaya waliotazamia maelfu walipewa jina la mtu mmoja.

Hata hivyo miaka hiyo ilizaa matunda ya namna nyingine. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mwaka uleule Krapf alikwenda Usambara, akapokewa Vuga na mfalme Kimweri ya Nyumbai, aliyekubali watumishi wa Injili waje katika nchi yake. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa mtemi na mfanya biashara Kivoi, Krapf aliuona mlima Kenya. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa Tübingen, pamoja na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki.

Lakini moyo wa Krapf haukutulia mahali pamoja. Alikuwa na shauri la kujenga mfululizo wa vituo kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Rebmann aliona vingine. Kwake yeye, afadhali kituo kimoja kilichojengwa kwa subira kuliko vingi visivyo na watu. Ndugu hawa wawili waliopendana hawakukubaliana katika jambo hilo, na tofauti yao iliwaumiza wote wawili.

Mwaka 1849 walifika Jakob Erhardt na Johannes Wagner. Wagner alifariki kabla ya mwaka huo kwisha. Mwaka 1851 Krapf alirudi kutoka Ulaya na kundi la vijana, wachungaji wawili na mafundi watatu, waliotazamiwa kuanzisha ule mfululizo wa vituo. Mchungaji Pfefferle alifariki baada ya muda mfupi. Mwenzake, Dihlmann, aliacha kazi. Mafundi waliugua, wakarudi kwao. Katika miezi michache mpango mkubwa ulikuwa umebaki kwenye karatasi, na Krapf alikuwa amebaki na makaburi.

Hukumu ya Ukambani

Krapf hakukata tamaa. Mwaka huohuo wa 1851 alikwenda tena Ukambani, akasafiri pamoja na Kivoi kuelekea mto Tana. Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika. Krapf alibaki peke yake porini. Alifika mtoni, na kwa kuwa hakuwa na chombo alijaza maji katika mtutu wa bunduki yake na mfuko wa ngozi wa darubini, akatembea usiku na kujificha mchana.

Alipofika kwa jamaa za Kivoi hakupata pole. Kwa desturi yao, aliyefuatana na mkubwa alipaswa kumlinda au kufa pamoja naye. Walimwuliza kwa nini yu hai. Ikambidi kutoroka usiku.

Mchungaji aliyetoka kuwazika vijana aliowaongoza alijikuta akiulizwa, kwa sheria ya watu wengine, juu ya damu ya mtu aliyefuatana naye. Swali la Wakamba halikuwa la ujinga. Kila anayewaita wengine kwenda mahali pa hatari anastahili kuulizwa habari zao. Krapf aliamini kwamba watumishi wale walikuwa mali ya Bwana wa mavuno kabla ya kuwa wafuasi wake, na imani hiyo ilimwezesha kuendelea. Mwaka 1853 afya yake ilivunjika, akarudi Ulaya. Rebmann alibaki.

Kuongoza kwa Mara ya Mwisho

Krapf alikaa Korntal, karibu na Stuttgart, akaandika habari za safari zake. Ndipo kanisa moja la Wamethodisti wa Uingereza lilipomwomba awaongoze vijana wao kwenda Afrika Mashariki. Alikubali, ingawa alikuwa na miaka zaidi ya 50 na mwili dhaifu. Mwanzoni mwa mwaka 1862 alifika pwani na vijana wanne: Waingereza Thomas Wakefield na James Woolner, na wawili kutoka chuo cha Chrischona huko Uswisi.

Mambo yalielekea kuwa kama zamani. Wale wawili wa Uswisi waliacha kazi. Woolner aliugua, akarudi kwao. Safari hii Krapf hakukimbilia mbali. Alitafuta mahali pa Ribe, karibu na Rabai, akazungumza na wazee, akaanzisha kituo kimoja na kumwonyesha Wakefield namna ya kukaa na watu. Kabla ya mwaka kwisha afya ilimlazimisha naye kuondoka. Wakefield alibaki peke yake akiwa kijana wa miaka 26, kisha Charles New akaja kumsaidia. Wakefield alitumika pwani kwa zaidi ya miaka 20. Katika wote ambao Krapf aliwaleta mwenyewe kutoka Ulaya, huyu ndiye aliyedumu.

Mwisho Wake na Matunda Yaliyofuata

Rebmann alirudi Ujerumani mwaka 1875 baada ya miaka 29 bila likizo, akiwa kipofu. Alikaa Korntal karibu na Krapf, akafariki mwaka 1876. Waliotofautiana Rabai walimaliza mwendo wao wakiwa majirani. Krapf naye alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata.

Matunda yalionekana mahali ambapo yeye hakupanda kwa mkono wake. Erhardt na Rebmann walikuwa wamekusanya habari za wafanya biashara wa pwani juu ya maji makubwa yaliyoko bara, wakachora ramani iliyotolewa miaka ya 1855 na 1856. Ramani hiyo ilikosea, kwa kuwa ilionyesha ziwa moja tu kubwa mno. Lakini iliwafanya watu wa Ulaya waje kutafuta ukweli, na mwezi wa Agosti 1858 Speke aliliona Ziwa Victoria katika nchi ya Wasukuma. CMS, chama kilichomtuma Krapf, kilifika kusini mwa ziwa mwaka 1877, na baadaye kikawa na kituo Nassa, katika wilaya ya sasa ya Busega mkoani Simiyu. Mwaka 1909 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission.

Kwa upande wa Walutheri, habari za Krapf ziliwaamsha Wakristo wa Bavaria, ambao mwaka 1886 waliunda chama cha kuendeleza kazi ya Ukambani. Kazi hiyo ilichukuliwa na Misioni ya Leipzig, iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893. Usambara, ambako Kimweri alikubali watumishi waje, ilipata wamisionari wa Kilutheri mwaka 1891. Kutokana na kazi hizi na nyinginezo liliundwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania tarehe 19 Juni 1963.

Mkulima wa Bariadi anajua kwamba pamba hupandwa kwa mbegu nyingi, na kwamba si kila shimo huotesha. Krapf alihesabu mashimo matupu karibu maisha yake yote. Washarika wanaposoma Neno kwa Kiswahili, na mzee aliye kando akalifafanua kwa Kisukuma kwa ajili ya mjukuu wake, inafaa wamkumbuke yeye na kadhi aliyemfundisha, Rosine aliyelala Mombasa, Wagner na Pfefferle waliokufa kabla ya kuizoea nchi, na Wakefield aliyebaki. Mungu awape wote pumziko, naye alijalie Kanisa viongozi wanaowatunza vijana wanaowatuma.